Kubugia si kubwia

Basi lilisimama Somanga mchana wa jua kali, na kondakta akatangaza kama wanavyotangaza wote wa njia ya kusini: "Dakika kumi na tano jamani. Kuchimba dawa, kula, tunaondoka!" Dakika kumi na tano, abiria basi zima, samaki bado wanaungua kwenye mafuta. Nilipata kipande cha changu na muhogo wa kuchemsha, nikarudi kukaa. Wengine walikula wamesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unapeleka matonge. Mashavu yamevimba, macho yako kwa dereva.

Kiti cha nyuma yangu walikaa mama mmoja mtu mzima, wa Newala kwa nilivyomsikia akizungumza na simu, pamoja na mjukuu wake wa miaka sita hivi. Mtoto alikuwa na karanga za kukaanga kwenye karatasi.

"We mjukuu wangu, usibugie. Utapaliwa."

"Sibugii, bibi. Nabwia."

Niligeuka kumtazama, na mtoto alikuwa mkweli kabisa. Alimimina karanga tatu nne kwenye kiganja, akainua kichwa, akazitupia kinywani kwa mpigo mmoja, akatafuna, akameza, ndipo akarudia. Bibi yake naye alimkagua kidogo, akasema, "Haya, bwia basi. Ila taratibu."

Safari yote iliyobaki mpaka Mtwara sikufikiria kingine. Bibi na mtoto wa miaka sita walikuwa wamemaliza kwa sentensi mbili ubishi ambao mimi nilishindwa kuumaliza na mhariri mmoja miaka kadhaa nyuma. Nilikuwa nimeandika kumbukumbu fupi ya marehemu bibi yangu, na ndani yake kulikuwa na sentensi inayosema kwamba bibi alibwia unga wa korosho. Ilipochapwa nikaona "alikula unga wa korosho". Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kwanza neno lenyewe ni kubugia, kubwia ni matamshi ya watu wa pwani ya kusini tu; na pili, hata kama lipo, kubwia unga ni mambo ya mateja, haliwezi kuandikwa kwa bibi wa watu. Nilikaa na maneno hayo moyoni muda mrefu. Leo nataka kuyajibu.

Nianze na kubugia, maana ndilo linalosikika zaidi na ndilo linalotumika vibaya zaidi. Watu wengi ukiwauliza maana yake watakwambia ni kula au kumeza haraka haraka. Si uongo, lakini ni nusu. Haraka peke yake haifanyi mtu kuwa anabugia. Kubugia kuko mashavuni. Anayebugia anaingiza kinywani kingi kuliko nafasi iliyopo, na anaongeza tonge jingine la kwanza halijashuka. Ndiyo maana ukitaka kumwigiza mtu anayebugia, hata bila chakula, utajaza hewa mashavuni. Jaribu kusema "amebugia mchele mmoja" uone ulimi unavyokataa. Huwezi kubugia punje moja, hata ukiimeza kwa kasi gani.

Kwetu Lindi kubugia nilikujua kwanza kwa mabibo. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi hivi, watoto tulikuwa tunaamka mapema kuokota korosho zilizodondoka, na kazi ilikuwa kuchomoa korosho na kuitia kwenye ndoo. Bibo lenyewe halikuwa na mwenyewe. Bibo bivu la manjano au jekundu likiingia kinywani zima, maji yake yanajaa yote kwa mara moja, yanatiririka kidevuni mpaka kwenye nguo, na doa lake halitoki kwa sabuni yoyote. Linakwaruza koo kidogo, lakini hakuna aliyejali. Hapo ndipo mama alipokuwa anapiga kelele kutoka uwanjani: "Mnabugia mabibo na nguo za shule!" Angesema "mnakula" tungejitetea kwamba tuna njaa. Kwa "mnabugia" hatukuwa na utetezi, kwa sababu mashavu yalikuwa yanatushitaki.

Kutoka hapo neno limetembea, na linatembea vizuri. Mtu akikosa pumzi akiwa anaogelea pale ufukwe wa Shangani, Mtwara, wimbi likamjaza kinywa, amebugia maji ya chumvi. Magazeti huandika kwamba fulani amebugia vidonge, na msomaji anaelewa papo hapo kwamba havikuwa viwili vya kutuliza kichwa. Aliyekula fedha za kikundi tunasema amezibugia, na katika neno hilo kuna picha ya mtu ambaye mdomo umejaa hata hawezi kujibu maswali kwenye mkutano. Matumizi yote hayo yamebaki na lile shavu. Sina ugomvi nayo.

(Kuna vijana wanaosema "amebugi", yaani amekosea, amechemsha. Hilo ni neno jingine kabisa la mtaani. Nalitaja kwa sababu nimeshaona mtu akiandika "amebugia" akimaanisha amekosea, na sentensi ikawa kama mtu amekula kosa lake.)

Sasa kubwia. Kubwia hakuko shavuni, kuko mkononi. Kinachobwiwa ni kitu kikavu, kidogo kidogo au cha unga: karanga, bisi, njugu, sukari, korosho zilizobanguliwa, ugoro. Unakiweka kwenye kiganja, unakirusha kinywani, na mara nyingi kichwa kinaenda nyuma kidogo kukipokea. Hakuna tonge, hakuna kung'ata kwa meno ya mbele. Ni tendo la haraka, ndiyo, na ndiyo sababu watu wanalichanganya na kubugia. Lakini haraka yake ni ya mkono na si ya tumbo. Mtu anaweza kubwia karanga saa nzima akiwa anapiga soga barazani na asiwe na pupa hata chembe. Uji huwezi kuubwia. Wali wenye mchuzi huwezi kuubwia. Ukimwambia mama ntilie yeyote wa hapa soko kuu kwamba umebwia ugali na samaki, atakuuliza umetokea wapi.

Bibi yangu alinifundisha tofauti hii bila kujua kwamba ananifundisha. Alikuwa anabangua korosho nyumbani, kwa mikono, kama walivyofanya wanawake wengi wa kizazi chake. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua kwamba haina haraka. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na ukiling'ata bichi midomo inababuka. Kwa hiyo korosho zilikaangwa kwanza kwenye karai bovu nje ya nyumba, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu, mafuta yakatoka na kushika moto, kisha zikamwagwa mchangani zipoe. Ndipo bibi akapaka majivu mikononi, akakaa na jiwe lake, akagonga moja moja, ganda upande huu, korosho upande ule, nzima kwenye ungo na zilizovunjika kwenye bakuli. Nzima zilikuwa za kuuza. Zilizovunjika zilikuwa zetu.

Sheria ya bakuli ilikuwa moja. "Bwieni, msibugie." Kubwia maana yake ulichota vipande vinavyotosha kiganja, ukavirusha, ukasubiri zamu yako irudi. Kubugia maana yake ulitia mkono mzima na kujaza kinywa ili wadogo zako wasipate. Kwa hiyo kwetu sisi maneno haya mawili hayakuwa hata visawe. Moja lilikuwa ruhusa na jingine lilikuwa kosa. Mhariri wangu alipolifuta la ruhusa na kuniambia kwamba ni matamshi mabaya ya lile la kosa, hakujua anachofuta.

Kuhusu unga wa mateja. Ni kweli, ukisema leo "anabwia unga" hakuna Mtanzania atakayefikiria sembe. Magazeti yameliandika hivyo muda mrefu, polisi wanalisema hivyo, na mzazi akisikia mwanawe anaitwa mbwia unga hawezi kulala. Sidharau uchungu huo. Tangu 2011, Muhimbili ilipofungua kliniki ya kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, tumejua kwa uwazi zaidi kwamba hawa ni wagonjwa wanaohitaji matibabu, na hapa kusini pia kuna familia zinazojua habari hizo kwa ndani. Lakini tazama neno lenyewe. Heroini kwa kawaida haitupiwi kinywani. Inavutwa ikiwa imechanganywa na sigara au bangi, au inadungwa kwa sindano. Hakuna kiganja, hakuna kichwa kurudi nyuma. Kwa maoni yangu neno hili lilitoka kwenye ugoro. Ugoro ni unga, unakolea, mtu akiuzoea hauachi, na wazee walikuwa wanaubwia: kidole na gumba, chini ya mdomo, kimya. Ukija unga mwingine unaolevya zaidi, watu wakauvika nguo ya ugoro. Neno limeazimwa na aliyeazima hakulirudisha.

Nakataa kwamba kwa kuwa limeazimwa basi wenye nalo tuliache. Ukilifuta kubwia kwenye karanga kwa sababu ya heroini, mtoto wa lile basi atabaki na kubugia tu, na atashindwa kumjibu bibi yake. Atakuwa na kosa bila jina la kufanya vizuri.

Yapo na mengine kwenye ukoo huu ambayo hayana kesi kubwa. Kupapia, kwa mfano, siku hizi limehama kabisa kutoka sahanini. Watu wanaambiana "usipapie" hata katika mapenzi na biashara. Kugida ni la walevi, tuliache huko huko.

Kufakamia, hata hivyo, linanigusa. Hili ndilo ambalo haraka yake ni ya tumbo na ya roho pia. Anayefakamia amekivamia chakula. Hatazami wenzake, hatafuni sawasawa, hata ladha haijui. Babu yangu alikuwa hapendi kulisikia neno hili likitumika kwa mtu mwingine, lakini mwezi wa Ramadhani alilitumia kila siku kwa ajili yetu. Adhana ya magharibi ikisikika, mkeka umeshatandikwa, uji umeshamiminwa, mihogo ya nazi inatoa mvuke, na sisi watoto ambao tulijitahidi kufunga kwa mara ya kwanza mikono inatetemeka. Alitugawia tende kwa mkono wake, kisha maji kidogo. "Futuruni, msifakamie." Halafu alitukumbusha mafundisho ya Mtume kwamba tumbo ligawanywe: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Utotoni hiyo theluthi ya pumzi sikuielewa. Chakula na maji vinaingia tumboni, sawa. Pumzi inaingiaje kwenye hesabu?

Nilikuja kuielewa siku mdogo wangu alipopaliwa. Alikuwa na miaka mitatu, karibu na minne. Hatukumwona alivyofika kwenye ule ungo wa korosho nzima, tulimwona tu amesimama katikati ya uwanja, kinywa wazi, hakuna sauti inayotoka. Hakulia wala kukohoa. Hicho ndicho kilichotuogopesha, maana mtoto anayekohoa bado anapitisha hewa. Jirani mmoja alikuja na kikombe cha maji, mwingine akataka ainuliwe mikono juu. Mama aliwapita wote, akamlaza kifudifudi juu ya paja lake kichwa kikiwa chini, akampiga kwa kitako cha kiganja kati ya mabega, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Korosho ikatoka nzima, haina hata alama ya jino. Kisha kilio.

Baadaye sana nilisoma kwamba mama alifanya karibu sawasawa na wanavyofundisha watoa huduma ya kwanza: mapigo matano kati ya mabega kwa aliyezibwa koo na asiyeweza kukohoa, na kwa aliyevuka mwaka mmoja, yasiposaidia, kumbana tumbo juu ya kitovu kwa kusukuma ndani na juu, mara tano, ukirudia. Maji hayafai, maana njia imeziba. Na watoto walio chini ya miaka mitano hawafai kupewa karanga wala korosho nzima, hata wakiomba vipi. Naandika haya hapa kwa sababu ninakoishi korosho iko kila nyumba, na bakuli lake huwekwa kwenye meza ambayo mtoto anaifikia.

Koo lina njia mbili, ya hewa mbele na ya chakula nyuma yake, na kila ukimeza ya hewa lazima ifunikwe kwanza. Pumzi husimama kidogo, tonge hupita, pumzi hurudi. Kwa anayekula taratibu jambo hilo halina habari. Anayejaza mashavu huku anacheka na kuita wenzake anataka njia zote mbili kwa wakati mmoja. Waliokipa jina la kidakatonge kile kinyama cha kooni walikuwa wamekaa na watu wanaokula, wakatazama. Na waliosema "mkamia maji hayanywi, akiyanywa humpalia" nao walijua pumzi iko wapi katika hesabu ile ya babu.

Halafu sikiliza kugugumia. Ni la vya maji: maji ya mtungini, togwa, uji uliopoa. Ukilitamka unasikia koo lenyewe, gu-gu, gu-gu, maji yanavyoshuka kwa mafunda. Jirani yake wa karibu ni kigugumizi, ambapo koo lile lile linagoma njiani, maneno badala ya maji. Mmoja anashusha, mwingine anashindwa kupandisha. Nikimsikia mtu anasema Kiswahili hakina maneno ya kutosha huwa natamani nimkalishe na mtungi.

Kuna jambo moja kuhusu barabara ambalo lilinijia pale Somanga. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mabasi ya kusini yalikuwa yanavuka Rufiji kwa kivuko, pale Ndundu. Nilivuka hapo nikiwa mtoto. Ulifika ukakuta foleni ya magari, na kama mvua imenyesha barabara yenyewe ilikuwa tope mpaka kwenye ekseli. Ulikula ukamaliza, ukanawa, ukalala, ukaamka ukala tena, kivuko hakijakuita. Safari ilikuwa mateso na siitamani irudi. Watu waliuguliwa njiani, mizigo iliharibika, na kusini tulijiona tumesahauliwa. Lakini sikumbuki kumwona mtu akibugia Ndundu. Akina mama walikuwa wanabwia karanga wakisimuliana habari za misiba na harusi mpaka jua linazama. Sasa lami imefika, mto unavukwa kabla hujamaliza sentensi, na tunakula tukiwa tumesimama mlangoni.

Narudi kwa bibi na ile sentensi iliyobadilishwa.

Miaka yake ya mwisho alikuwa amebaki na meno mawili, yote ya chini. Kubangua alikuwa ameacha, macho hayakuruhusu, lakini korosho hakuacha kuzitaka. Kutafuna hakuweza. Mama alikuwa anachukua zile zilizovunjika, za bakuli letu la zamani, anazitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na sukari kiasi mpaka zinakuwa unga wenye mafuta, unaoshikana ukiubana. Jioni nilimpelekea kibarazani kwenye kisahani, na kikombe cha chai ya rangi pembeni. Alikunjua kiganja, ile ngozi ya ndani bado ina madoa ya mafuta ya korosho ya miaka mingi, nikammiminia kidogo. Alikuwa anautazama kwanza. Kisha anainua mkono na kichwa kinaenda nyuma taratibu, unga unaingia wote, hakuna unaodondoka kwenye kanga. Anafumba mdomo, anauacha uyeyuke, anafuatishia na chai funda moja.

Ndivyo alivyofanya, kila jioni, mpaka wiki aliyofariki. Bibi yangu alibwia unga wa korosho, kisha akanikunjulia kiganja tena.